Tumechukua mtoto kumlea, je KRA watatupunguzia ushuru?

"Habari. Mimi na mume wangu twakaa Kisauni, tuna miaka 11 ya ndoa na hatujajaliwa. Mwaka jana tulipewa mtoto wa kiume kutoka nyumba ya watoto, kupitia shirika, saa hii ana miezi 15 na ashaanza kuniita mama. Wakili atuambia twende Mahakama Kuu tumuasili kabisa, mama mkwe naye asema sisi Waislamu hatuasili, tumchukue kwa kafala basi. Mpaka sasa zishatutoka kama laki moja na nusu, wakili, usafiri, makaratasi. Mume wangu ameajiriwa kampuni ya kliaringi, mshahara 60,000, mimi nashona madera nyumbani. Sasa wifi yangu alioko Marekani atuambia kule ukiasili mtoto serikali yakurudishia mpaka dola 17,000, na ati lau angemchukua yeye pesa zingekuwa zisharudi. Na kuna kijana wa saiba hapa mtaani amemwambia mume wangu hata KRA wako na nafuu hio, ampe 15,000 na paswadi ya iTax atufanyie refandi. Ni kweli? Wameagana Ijumaa."

Dadangu, kwanza hongera. Miaka 11 si mchezo, na mtoto akikuita mama hakuulizi karatasi. Swali lako nimelisoma mara mbili manake ndani mna mambo manne yamefungwa kwa leso moja: kuna la KRA, kuna la Marekani, kuna la mahakama na kafala, na kuna la huyu kijana wa saiba. Nitayafungua moja moja lakini niruhusu nianze na lenye haraka.

La KRA, yaani mamlaka ya ushuru ya Kenya, jibu ni hapana. Sheria ya Ushuru wa Mapato ya Kenya haina nafuu yoyote ya mtu alieasili mtoto. Na si kwamba wamewabagua nyinyi, hata aliezaa watoto saba hana. Zamani kulikuwa na nafuu ya mwenye familia mbali na ya asie na familia, siku hizi kila mlipa ushuru mkaazi apewa ile ile moja, shilingi 2,400 kwa mwezi yaani 28,800 kwa mwaka, awe ana mtoto au hana, ameoa au yuko peke yake. Ukiangalia slipu ya mshahara ya mume wako utaiona hio 2,400 imeandikwa, na hio ndio hio, mtoto hajaiongeza wala hataiongeza.

Halafu kuna ile laki moja na nusu. Watu wengi waniuliza, basi si nitaidai kama gharama? Hapana pia. Gharama inayokubalika kupunguzwa ni ile uliotumia ili upate mapato, kama vile wewe na uzi na vitambaa vyako vya madera. Lakini pesa ya kujitunza wewe na familia yako, kifungu cha 16 cha sheria hio chasema wazi haipunguzwi, na ada ya wakili wa kumuasili mtoto yaingia humo humo. Najua yauma kusikia, manake hio ni pesa mumeitafuta kwa jasho na mumeitumia kwa jambo la kheri, lakini afadhali uisikie kwangu leo.

Sasa jiulize, kama nafuu hio haiko, yule kijana ataandika nini kwa iTax, ule mtandao wa KRA? Lazima abuni. Na mimi nishaona wanavyobuni. Kuna baba mmoja alinijia ofisini ana barua mkononi jasho lamtoka, alimpa mtu paswadi yake, ritani, ile fomu ya ushuru ya kila mwaka, ikajazwa ati alipa bima ya maisha kila mwezi, bima ambayo hajawahi hata kuiulizia bei, refandi kidogo ikaingia akafurahi, baadae KRA wakamuandikia alete cheti cha bima. Ataleta cheti gani? Akarudisha ile pesa, na adhabu juu, na riba ya asilimia 1 kila mwezi juu ya hapo. Ukidanganya kwa makusudi adhabu ni asilimia 75 ya ushuru uliopungua, na jina lililoko kwa ritani ni la mwenye PIN, sio la mtu wa saiba. Yeye atakuwa ashafunga duka kitambo.

Haya twende kwa wifi yako. Wifi hakudanganya, ila amekwambia nusu, na nusu aliyoiacha ndio yenye maneno.

Marekani kweli wana nafuu ya ushuru kwa wanaoasili watoto. Kwa mwaka wa 2025 kiwango cha juu ni dola 17,280 kwa mtoto mmoja. Lakini hicho ni kipimo cha juu cha gharama unazoweza kuhesabu, si zawadi. Kama ulitumia dola 6,000 kwa wakili, mahakama, nauli na malazi, unahesabu 6,000 basi, huwezi kuandika 17,280. Na pesa hio mpaka mwaka wa 2024 ilikuwa yapunguza tu ushuru unaodaiwa, kama hudaiwi kitu hupati kitu. Kuanzia 2025 ndio wamebadilisha, sehemu mpaka dola 5,000 waweza kupewa mkononi hata kama ushuru wako ni sifuri, na inayobaki inapunguza ushuru wa mwaka huo, ikizidi wasogeza mbele mpaka miaka 5.

Nikupigie hesabu uione vizuri. Chukua mtu aliye kule ametumia dola 12,000 kuasili, na ushuru wake wa mwaka ni dola 4,000. Katika ile 12,000, 5,000 apewa mkononi. Zabaki 7,000, hizo zafuta ule ushuru wa 4,000 wote, zabaki 3,000 ambazo atazitumia kupunguza ushuru wa miaka inayokuja. Kwa hio mwaka huo amefaidika 9,000, sio 17,000, na ni mtu ambaye mfukoni zishamtoka 12,000. Na mwenye mapato makubwa sana, kuanzia dola 259,190 kwa 2025, nafuu yaanza kupunguzwa mpaka ikifika 299,190 yaisha kabisa. Kuna pia kile kipengele ambacho watu hukisikia nusu nusu, kwamba mwenye kuasili mtoto mwenye mahitaji maalum apewa kiwango chote hata kama hakutumia kitu. Ni kweli, lakini ni kwa mtoto wa huko huko Marekani ambaye jimbo limethibitisha hivyo. Mtoto wa kutoka nje haingii humo hata awe na hali gani.

Na mtoto akitoka nchi nyingine, mzazi hawezi kudai hata senti mpaka mwaka ambao kuasili kumekamilika kabisa. Mtoto wa ndani, gharama zaweza kudaiwa hata kama kesi bado, na hata ikivunjika. Wa nje, hapana. Kumlea tu, au kuwa na karatasi ya ulezi, hakuhesabiki.

Sasa ile kauli ya "lau angemchukua yeye", hio nataka uiweke chini kabisa, na umwambie wifi kwa upole. Novemba 2014 baraza la mawaziri hapa Kenya lilisimamisha kuasiliwa kwa watoto wa Kenya na watu wa nje, kwa sababu ya hofu ya biashara ya watoto. Na hata ukiweka hilo kando, Kenya na Marekani zote ziko kwa Mkataba wa Hague wa 1993 kuhusu kuasili baina ya nchi, Kenya tangu 2007 na Marekani tangu 2008, na mkataba huo wataka mambo yaanze kwa mamlaka za serikali mbili kabla mtoto hajakabidhiwa mtu. Mtu kuchukua mtoto kwa makubaliano ya nyumbani, shangazi na mjomba, halafu ampandishe ndege, huko ndiko watu huingia matatani, na anaeumia zaidi ni mtoto. Na huyu mtoto wenu amekabidhiwa nyinyi, kwa jina lenu, baada ya nyinyi kukaguliwa, nyumba yenu na maisha yenu. Si mzigo wa kuhamishwa ati kwa sababu kule kuna dola.

Nafuu ya Marekani inamfuata mlipa ushuru wa Marekani kwa gharama zake mwenyewe. Wifi hawezi kudai kule pesa ambazo nyinyi mumelipa hapa, na nyinyi hamuwezi kuomba kitu kwa serikali ambayo hamuilipi ushuru.

Basi kwa mlipa ushuru wa hapa kuna nini? Hapa ndipo nataka tukae kidogo manake kuna vitu vidogo vidogo ambavyo watu wanavipita wakikimbilia vikubwa visivyoko.

Elewa kwanza kuna aina mbili za kupunguziwa na watu huzichanganya. Ya kwanza ni ile inayotolewa kwa mshahara kabla ushuru haujapigwa, hio faida yake ni kile kiwango chako cha mwisho cha ushuru, kwa mume wako ni asilimia 30. Ya pili ni nafuu, hio inapunguzwa kwa ushuru wenyewe baada ya kupigwa, shilingi kwa shilingi. Na kwetu nafuu haivuki sifuri, ukiwa huna ushuru wa kulipa hakuna wa kukupa tofauti mkononi.

Tuchukue mshahara wake wa 60,000. NSSF, ile akiba ya uzeeni, asilimia 6 ni 3,600. SHIF, ile bima ya afya ya serikali, asilimia 2.75 ni 1,650. Ushuru wa nyumba asilimia 1.5 ni 900. Jumla 6,150, na tangu mwisho wa Desemba 2024 hizo zote tatu zatolewa kabla ya kupiga PAYE, yaani ushuru unaokatwa kwa mshahara, kwa hio kinachotozwa ni 53,850. Zile 24,000 za kwanza asilimia 10, ni 2,400. Zile 8,333 zinazofuata asilimia 25, ni 2,083. Zilizobaki 21,517 asilimia 30, ni 6,455. Jumla 10,938, toa nafuu ya 2,400, PAYE ni kama 8,538 kwa mwezi. Chukua slipu yake leo usiku muangalie. Kama anakatwa zaidi ya hapo na hana marupurupu mengine, huenda wahasibu wao bado wapiga PAYE kabla ya kutoa SHIF na ushuru wa nyumba, na hio ni pesa yenu halali kabisa ya kudai, hapo sasa refandi iko na haihitaji kubuni kitu.

Halafu kuna nafuu ya bima. Mtu akilipia bima ya maisha yake, au ya mke au mume wake, au ya mtoto wake, au bima ya afya, au bima ya elimu inayokomaa kwa miaka isiyopungua 10, apata nafuu ya asilimia 15 ya anacholipa, isizidi 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Sasa watu wakisikia 60,000 macho yawatoka, lakini ili ufike hapo lazima uwe walipa bima ya zaidi ya 33,000 kila mwezi. Nyinyi mkichukua bima ya elimu ya 4,000 kwa mwezi nafuu ni 600, PAYE yashuka mpaka kama 7,938. Kwa mwaka ni 7,200. Ni pesa, ni sare na viatu vya shule huko mbele, lakini usichukue bima kwa ajili ya ushuru. Ichukue kama mnaitaka na mna hakika mtailipa miaka yote hio, manake ukiivunja njiani kinachorudi ni kidogo sana ukilinganisha na ulichoweka, nimeona watu wakilia. Na bima hio iwe kwa jina la mume wako, sio lako, kwa sababu yeye ndie mwenye PAYE ya kupunguzwa. Wewe na madera, kama mauzo yako hayafiki milioni 1 kwa mwaka huingii kwa ule ushuru wa mauzo, ushuru wako ni ule wa kawaida wa faida, na faida ikiwa ndogo ile nafuu ya 28,800 yaufuta wote, kwa hio nafuu ya bima kwako itakaa tu haina cha kufuta.

Kuna na pensheni ya kibinafsi. Kiwango kinachotolewa kabla ya ushuru sasa ni 30,000 kwa mwezi ukijumlisha na NSSF, zamani kilikuwa 20,000. Akiweka 5,000 kwa mwezi kwa mfuko uliosajiliwa, PAYE yashuka 1,500, wakati 5,000 hio hio kwa bima ingemshushia 750. Kwa hesabu tupu pensheni yashinda. Lakini pesa ile yafungwa, na nyumba yenye mtoto mdogo na kesi mahakamani yahitaji pesa inayoshikika. Kwa hali yenu ya sasa mimi ningengoja mpaka mambo ya karatasi yaishe, niweke akiba kidogo ya dharura, ndio nifikirie hayo. Mwingine ataona tofauti, sawa.

Kitu kingine ni matibabu. Kama mwajiri wa mume wako ana bima ya afya ya wafanyikazi na familia zao, faida hio haitozwi ushuru kwake, na mtoto kuingia humo ni faida kubwa kuliko nafuu yote niliokuhesabia hapo juu, muulize yeyote aliewahi kulaza mtoto na homa ya mapafu. Na SHA, wanaosimamia ile SHIF, vilevile, mtoto aandikishwe chini yenu kama tegemezi. Sasa hapo wote wataulizia kitu kimoja, karatasi ya kuonyesha huyu ni mtoto wenu, na hilo latupeleka kwa wakili na mama mkwe.

Mtoto akiasiliwa kwa amri ya Mahakama Kuu, kisheria anakuwa kama mliemzaa ndani ya ndoa, anaandikwa kwa rejista ya watoto walioasiliwa na mwapewa cheti. Kuanzia hapo popote sheria iliposema "mtoto wake", kwa bima, kwa matibabu ya kazini, ni yeye, hakuna wa kuuliza. Masharti nadhani wakili ashawaambia, muasili awe na miaka 25 kwenda juu, amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, asipite 65, na mtoto awe amekaa kwenu miezi 3 mfululizo kabla ya ombi, hilo mushalipita.

Kafala ni njia nyingine na mama mkwe wako hakukosea kuitaja. Sheria ya Watoto ya 2022 yenyewe imeitaja kafala kama njia mojawapo ya malezi kwa mtoto aliekosa wazazi. Mtoto analelewa kama wenu, kwa mapenzi na kwa gharama, lakini nasaba yake inabaki ya kwao na hahesabiwi kwa mafungu ya mirathi. Upande wa ushuru tofauti yake ni hii: sheria ya nafuu ya bima yasema mtoto wake, na mtoto wa kafala si rahisi kumuingiza kwa neno hilo bila maswali. Dawa yake ipo na ni nyepesi, baba achukue bima ya maisha yake mwenyewe, na mtoto amuandike kama mfaidi. Hapo nafuu yapatikana kwa sababu maisha yaliyokatiwa bima ni ya mlipa ushuru, na pesa ikija yamfikia mtoto. Kama mwataka takaful, yaani bima ya Kiislamu, kabla ya kusaini waulizeni kama watawapa cheti cha kila mwaka cha kuwasilisha KRA, na kama mfumo wao unakubalika kwa nafuu hio, wajibu kwa maandishi.

Kwa hio usichague baina ya mahakama na kafala kwa sababu ya ushuru. Tofauti ya ushuru ni ndogo na yapitika. Tofauti kubwa ni mirathi. Sheria ya Watoto yampa aliyeasiliwa haki kama mtoto wa kuzaa, lakini mirathi ya Muislamu hapa Kenya inafuata sheria ya Kiislamu, na hapo ndipo ndugu huja kugombana wakati mayiti hajatimiza arubaini. Njia zinazojulikana ni hiba, yaani kumpa mali mkiwa hai, na wasia usiozidi theluthi moja ya mali kwa mtu asiekuwa mrithi, na wasia huo uandikwe, mashahidi wawepo, usibaki maneno ya barazani. Msikae mkajadili hili na mimi, mimi ni mtu wa hesabu. Nendeni kwa Kadhi, au sheikh munaemuamini anaejua pia sheria ya nchi, na wakili awepo, wote wawili siku moja kama yawezekana, mama mkwe pia muende nae asikie mwenyewe. Mambo ya kunyonya na umahramu muulize huko huko.

Kuna faida moja najua imewapita na nitaitaja kwa ajili ya wengine watakaosoma. Tangu 2021 sheria ya ajira yampa mfanyikazi anaekabidhiwa mtoto wa kuasili mwezi mmoja wa likizo kwa mshahara kamili, mwanamume au mwanamke, kuanzia siku mtoto anapokabidhiwa. Wamjulisha mwajiri kwa maandishi siku 14 kabla, pamoja na makubaliano na shirika na ile hati ya shirika ya kuruhusu umchukue mtoto. Kwa mume wako ingekuwa 60,000 na mwezi mzima wa kumzoea mtoto. Yahesabiwa kutoka siku ya kukabidhiwa, kwa hio kwenu siku ishapita. Lakini mwaka wa 11 umewapa mmoja, mkijaliwa kuchukua wa pili, hio barua iwe ndio kitu cha kwanza. Niseme pia kwa wale wanaolea yatima wa ndugu zao na hawana mshahara kabisa, swali lao si KRA, ni Inua Jamii, mpango wa serikali wa kusaidia wasiojiweza, ambako nyumba maskini zinazolea yatima zapewa 2,000 kwa mwezi, waanzie kwa chifu na afisa wa huduma za jamii.

Sasa nini cha kufanya na mguu wako mwenyewe. Karatasi zote za mtoto ziweke kwa faili moja, hati ya shirika, barua za afisa wa watoto, risiti za wakili, hata kama risiti hazipunguzi ushuru mahakama yaweza kuziulizia na siku moja mtoto atataka kujua alifikaje kwenu. Mume wako aombe P9 ya mwaka ofisini kwao, ile karatasi ya kuonyesha mshahara na ushuru aliokatwa, ailinganishe na slipu kwa ile hesabu niliowapa. Ritani mwisho wake ni 30 Juni, na kama mutakuta alikatwa zaidi miaka iliyopita, refandi ya ushuru wa mapato yaweza kuombwa ndani ya miaka 5, haijawakimbia. Kujaza mtu mwenye mshahara mmoja ni kazi ya dakika chache, Huduma Centre ya Mombasa kuna dawati la KRA watawaonyesha bure. Mtu wa kulipwa mtamhitaji kama mumekuta makosa ya miaka kadhaa na mwajiri hataki kusahihisha, au kama biashara yako ya madera imekua ikakaribia hio milioni, hapo njoo na vitabu vyako tukae. Na kama kuna mtu yeyote, awe ndugu au broka, aanza kuwazungumzia habari ya kumpeleka mtoto nje, msisaini kitu, nendeni kwa afisa wa watoto wa kaunti siku hio hio.

Kuhusu Ijumaa, mume wako asiende. Kama ashampa paswadi, aingie iTax leo abadilishe, kisha aangalie barua pepe na namba ya simu zilizoandikwa kwa akaunti ni zake kweli, manake hao huweka zao ili ujumbe wa KRA usikufikie. Kama kuna ritani ishatumwa ambayo yeye haijui, asingoje barua, aombe kuisahihisha mwenyewe, ukijitokeza kabla hujaitwa wakusikiza tofauti kabisa. Na ile 15,000 yakaribia malipo ya miezi minne ya bima ya mtoto, ikae nyumbani.